Ruzuku ya Kuanzisha Biashara Ndogo Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamelenga Tanzania Bara, kwa mtu anayetaka kufungua au kukuza biashara ndogo: usindikaji, ushonaji, karakana, kilimo biashara, huduma za mtaani. Aliyeko Zanzibar aanzie ZEEA, wakala wa uwezeshaji wananchi kiuchumi wa huko, kwa sababu utaratibu wao ni tofauti.

Ruzuku ni nini hasa, na ina tofauti gani na mkopo usio na riba?

Ruzuku ni fedha au vifaa unavyopewa bila kurejesha, kwa sharti kwamba utavitumia kwa kazi iliyoandikwa kwenye mkataba. Ukivipeleka kwingine unaweza kudaiwa hadi senti ya mwisho. Mkopo usio na riba unarudishwa wote. Kinachokosekana ni nyongeza tu.

Katikati kuna majina yanayowachanganya watu: "mtaji wezeshi", "mtaji mbegu", "fedha za mzunguko". Usihukumu kwa jina. Tafuta kwenye tangazo kama kuna ratiba ya marejesho, miezi ya kusubiri kabla ya kuanza kulipa, au mdhamini. Ukikuta kimojawapo, huo ni mkopo.

Jua pia kwamba ruzuku nyingi haziji kama fedha mkononi. Utaletewa cherehani, mashine au vifaranga, na mfadhili atamlipa muuzaji moja kwa moja. Nyingine zinataka uweke mchango wako, kwa mfano robo ya gharama. Ukiwa huna robo hiyo siku ya kuomba, usijaze fomu kwa matumaini kwamba itapatikana baadaye. Wataomba taarifa ya benki.

Ile asilimia 10 ya halmashauri ni ruzuku?

Hapana. Ni mkopo usio na riba. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Mgawanyo ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya kubainika marejesho mabovu na vikundi hewa, ukarejeshwa 2024 kwa kanuni mpya.

Tunaitaja kwa sababu ndiyo fedha ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia bila Kiingereza na bila kujuana na mtu, na kikundi kilichokopa na kurejesha vizuri kina ushahidi mzuri sana wa kumwonyesha mfadhili wa ruzuku. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Na TASAF?

Ruzuku ya uzalishaji ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, haiombwi. Inakwenda kwa kaya ambazo tayari zimo kwenye daftari la walengwa, baada ya mafunzo na baada ya mlengwa kuandaa mpango wa shughuli yake. Anayekuuzia "fomu ya TASAF" anakuibia.

Nina wazo tu, sijaanza. Nitapata?

Kwa uwezekano mdogo. Wanaotoa ruzuku wanaogopa kitu kimoja kuliko vyote: fedha kuingia mahali ambapo hakuna kitu. Kwa hiyo hata mpango unaosema uko wazi kwa mawazo mapya huishia kuwachukua walioanza kwa udogo. Tofauti kati ya mwenye wazo na aliyeanza inaweza kuwa miezi mitatu na mtaji wa laki moja.

Ukitaka kutengeneza siagi ya karanga, usisubiri mashine ya milioni mbili. Peleka karanga kwa mtu mwenye mashine umlipe kwa kilo, fungasha makopo 20, uza, andika. Rudia. Baada ya miezi mitatu una daftari la mauzo, majina ya maduka matatu yanayochukua mzigo, na unajua wateja wanalalamikia nini. Hapo fomu inajazika yenyewe. Kwa maoni yetu, muda huo una faida kuliko semina yoyote ya kuandika andiko la kuombea ruzuku.

Nitafute wapi?

Anza karibu. Ofisi ya SIDO ya mkoa: shirika hili la serikali la kuendeleza viwanda vidogo lipo tangu 1973 na lina ofisi mikoani, na wafadhili wanaotafuta wasindikaji wadogo mara nyingi hupitia kwao. Uliza pia barua ya utambulisho, maana mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO hupata nafuu anapotafuta alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Kisha afisa biashara na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Hawa hupokea barua za miradi ambazo hazifiki kwenye mitandao, na orodha ya kwanza ya wanaopendekezwa mara nyingi hutoka mezani kwao. Wajue kabla ya barua kuja.

Kwa ubunifu wa teknolojia, fuatilia COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na mashindano ya ubunifu ya MAKISATU, na programu ya FUNGUO iliyo chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, inayotoa ruzuku kwa kampuni changa. Hapo duka la nguo halina nafasi, hata liwe zuri namna gani.

Balozi nyingi zina mifuko ya miradi midogo, ila soma vizuri: karibu yote ni ya vikundi na taasisi zisizo za faida, kwa mfano kisima au darasa. Biashara ya mtu binafsi haiingii.

Orodha za "wafadhili 50" zinazozunguka kwenye WhatsApp nyingi zimekufa. Bado zina USAID, shirika la misaada la Marekani ambalo shughuli zake zilifungwa 2025, na USADF, taasisi ya Marekani ya maendeleo ya Afrika, iliyoguswa na amri ya rais wao ya kupunguza taasisi za serikali Februari mwaka huohuo. Kabla ya kuhangaika na mfadhili yeyote fungua tovuti yake mwenyewe uone tangazo lenye tarehe ya mwaka huu.

Tony Elumelu Foundation ni ya kweli? Mtanzania anaweza kuomba?

Ni ya kweli, na Mtanzania anaweza. Ni taasisi ya Nigeria iliyoanzishwa 2010. Programu yake ya wajasiriamali ilianza 2015 na iko wazi kwa nchi zote 54 za Afrika. Anayefaulu hupata mafunzo, mshauri, na dola 5,000 zisizorejeshwa. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa 1 Januari na kufungwa 1 Machi, kwenye tovuti yao ya TEFConnect. Sharti kuu: uwe na miaka 18 au zaidi, biashara iwe ya faida, iwe Afrika, na iwe changa au bado ni wazo. Hakuna ada.

Maombi huzidi laki moja kwa mwaka. Kwa hiyo omba, lakini usiache shughuli nyingine ukisubiri. Wanaokwama baada ya kuchaguliwa hukwama sehemu mbili. Ya kwanza ni mafunzo ya mtandaoni yasiyomalizwa; ukiacha moduli njiani, umejitoa. Ya pili ni jina: kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, akaunti ya benki mawili, fomu ina herufi iliyokosewa. Benki inarudisha fedha za nje kwa sababu ndogo kama hiyo. Linganisha majina herufi kwa herufi kabla ya kutuma.

Nitajuaje kama ni utapeli?

Ukiombwa fedha ili upewe fedha, ondoka. Ada ya fomu, ada ya "kufungua faili", bima ya ruzuku, kodi inayolipwa kabla kwa namba ya simu ya mtu: hakuna mfadhili wa kweli anayefanya hivyo. Ni ile "pesa itume kwenye namba hii" iliyovaa suti.

Dalili nyingine: umepata ruzuku ambayo hukuiomba, mawasiliano yote ni ya WhatsApp au Telegram, picha ya kiongozi imebandikwa juu, wanataka namba ya siri au nakala ya kitambulisho pande zote mbili kabla hujaona masharti. Ujumbe wa namna hiyo wa simu upeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040. Na kama umeshatoa namba yako ya NIDA kwa watu usiowaamini, piga *106# uangalie kama kuna laini zimesajiliwa kwa jina lako ambazo huzijui.

Kuna aina ya pili, laini zaidi: mtaalamu anayekuandikia andiko kwa makubaliano ya asilimia fulani ya ruzuku ikitoka. Si lazima awe tapeli, lakini ruzuku hairuhusu kumlipa kutoka ndani yake, na utajikuta unatafuta risiti za uongo kufidia. Mlipe ada ya kazi, kiasi kinachojulikana, au andika mwenyewe.

Niandae nyaraka zipi, na kwa mpangilio gani?

Mpangilio una maana, kwa sababu nyaraka moja huita nyingine.

Kwanza namba ya NIDA. Bila hiyo hakuna kinachosogea. Pili, jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kupitia mfumo wao wa mtandaoni; andaa takribani shilingi 20,000. Andaa majina matatu, maana la kwanza mara nyingi limeshachukuliwa. Tatu, TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA. Yenyewe ni bure. Watu wanaiogopa kwa sababu ya kodi, lakini mfanyabiashara mdogo binafsi ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kwenye mauzo hayo. Nne, leseni ya biashara ya halmashauri, inayoombwa siku hizi kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Tano, akaunti ya benki kwa jina la biashara.

Kwa chakula, ongeza vibali vya afya na TBS. Hapa usianze kulipia kila kitu kabla ya kuuza kopo la majaribio kwa watu unaowajua, lakini usije ukaandika kwenye fomu kwamba unauza supamaketi wakati huna alama ya ubora. Mkaguzi anayesoma maombi ya usindikaji anajua kwamba haiwezekani.

Skani kila nyaraka kwa programu ya simu inayotoa PDF, siyo picha iliyopigwa kitandani yenye kivuli cha mkono. Faili liwe chini ya MB 2. Lipe jina linaloeleweka: TIN, Leseni, Taarifa ya Benki.

Niombe peke yangu au kwa kikundi?

Soma tangazo, mara nyingi halikupi uhuru. Kama una uhuru, omba peke yako ikiwa mashine itakaa kwako na wewe ndiye utakayeamka alfajiri kuiwasha. Vikundi vilivyoundwa wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho huvunjika siku vifaa vinapofika, na swali linalovivunja ni dogo tu: mashine inalala nyumbani kwa nani?

Kikundi cha kweli kina katiba yenye jibu la swali hilo, muhtasari wa vikao wenye tarehe na saini, hati ya utambuzi kutoka halmashauri, na akaunti ambayo mtu mmoja hawezi kutoa fedha peke yake. Andikeni pia mwanachama akijitoa anapata nini. Wengi huruka kipengele hicho kwa kuona aibu, kisha ndicho kinachowapeleka kwa mtendaji wa kata.

Bajeti inaandikwaje ili isikataliwe?

Kila mstari uwe na idadi, bei ya kimoja, jumla, na karatasi nyuma yake. "Vifaa mbalimbali, 1,500,000" ni mstari unaoua ombi zima. Chukua profoma tatu, yaani karatasi za bei anazotoa muuzaji kabla hujanunua, kwa kila kifaa kikubwa, kutoka kwa wauzaji wenye TIN na wanaotoa risiti za EFD, mashine ya risiti za kodi. Muulize muuzaji kama bei ina VAT. Kiwango cha kawaida Bara ni asilimia 18, na mashine ya 2,000,000 isiyojumuisha VAT itakugharimu 2,360,000. Pengo hilo hutalipwa na mfadhili.

Halafu kuna vitu vinavyosahaulika: usafiri wa mashine kutoka Dar es Salaam, fundi wa kuifunga, waya na swichi kubwa, na umeme wenyewe. Mashine ya fezi tatu kwenye nyumba yenye fezi moja ni chuma cha kuegemea. Angalia mita yako kabla ya kuchagua mashine.

Usijilipe mshahara mkubwa, usiweke simu mpya, usiweke gari. Madeni ya zamani karibu kila mfadhili anayakataza. Kama kiwango cha juu ni milioni 5, usiombe milioni 5 kamili kwa kuviringisha namba. Bajeti ya 4,635,000 yenye profoma inaaminika zaidi.

Wanaposema "onyesha faida" wanataka nini?

Wanataka hesabu ya kitu kimoja, siyo ndoto ya mwaka wa tatu. Turudi kwenye siagi ya karanga, kwa bei za mfano. Weka za soko lako. Kilo 10 za karanga kwa 4,000 ni 40,000. Zikikaangwa na kupepetwa tuseme zinabaki kilo 9, yaani makopo 22 ya gramu 400. Kopo na mfuniko 700, lebo 150: kwa makopo 22 ni 18,700. Gesi na kusagisha 3,000, usafiri 4,000. Jumla 65,700, karibu 3,000 kwa kopo. Duka linachukua kwa 4,500. Inabaki 1,500 kwa kopo kabla ya kodi ya chumba na nguvu yako.

Sasa sema ruzuku inabadilisha nini. Ukiwa na mashine yako unafanya mizunguko mitatu kwa wiki badala ya mmoja, makopo 66, na maduka gani yatachukua yale 44 ya nyongeza? Jibu la sentensi hiyo ya mwisho ndilo wanalolisoma mara mbili. Kuzalisha zaidi ni rahisi. Mteja wa nyongeza ndiye anayekosekana. Ukiwa na barua fupi ya mwenye duka, hata ya mkono, inayosema atachukua makopo 15 kwa wiki, iambatishe.

Na usifiche kinachoweza kuharibika. Karanga zikihifadhiwa na unyevu hushika kuvu wanaotengeneza sumukuvu. Sema unanunua zilizokauka, unachambua zilizobadilika rangi, unahifadhi juu ya chaga. Sentensi mbili kama hizo zinaonyesha unaijua kazi.

Fomu ni ya Kiingereza. Nifanyeje?

Andika majibu yako kwanza kwa Kiswahili, kamili, kisha mtafute mtu akutafsirie. Ukianza moja kwa moja kwa Kiingereza cha kuazima utaishia na maneno makubwa yasiyosema kitu. Hali ni hiyohiyo kwa majibu yaliyoandikwa yote na programu za akili mnemba: wasomaji wa maombi wanakutana na aya zilezile mara mamia, na yako haitakuwa na jina la soko wala bei hata moja. Itumie kusahihisha lugha, si kubuni biashara.

Usijaze ndani ya fomu moja kwa moja. Andika kwenye faili pembeni, hesabu herufi, kisha nakili. Mtandao ukikatika hujapoteza kazi ya usiku mzima.

Tarehe ya mwisho ni saa ngapi hasa?

Angalia saa za wapi. Saa 23:59 za Nigeria ni saa 7:59 usiku kwetu. 23:59 za GMT ni saa 8:59 usiku. Ikiandikwa "12 noon" ni saa 6 mchana, na kuna waliokosa kwa kuisoma kama saa 12 jioni. Jipe siku tatu kabla. Siku ya mwisho tovuti hulemewa, na hakuna anayesikiliza maelezo. Ukishatuma, subiri barua pepe ya uthibitisho na uihifadhi. Kama haiji, angalia kasha la barua taka, kisha ingia uone kama ombi limeandikwa limetumwa au bado ni rasimu.

Wanakuja kukagua. Wataangalia nini?

Kama unachosema kipo. Watataka kuona mahali, daftari la mauzo, ujumbe wa M-Pesa au wa mtandao mwingine unaolingana na daftari, na watamuuliza jirani. Usisafishe biashara hadi ifanane na ya mtu mwingine, na usiazime bidhaa kujaza rafu. Ukiulizwa namba usiyoijua, sema utaiangalia kwenye daftari. Mume, mke au ndugu anayesaidia naye ajue bei na gharama, maana huwa wanamgeukia.

Nimepata. Makosa gani yanawakosesha watu awamu ya pili?

Kununua nje ya bajeti bila ruhusa. Bei ikipanda au ukipata mashine bora, andika barua pepe kabla ya kulipa, siyo baada. Kosa jingine ni kuchanganya fedha za ruzuku na za nyumbani kwenye akaunti moja. Na risiti: ya EFD hufifia ndani ya miezi michache, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo na uitolee nakala. Ripoti ikidaiwa ndani ya siku 30, tuma hata kama mambo hayakwenda vizuri. Mfadhili huvumilia mauzo madogo; ukimya hauvumiliwi.

Niko Kenya. Hali ni tofauti?

Ndiyo. Kenya kuna mradi wa NYOTA unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao kijana aliyechaguliwa hupata KSh 50,000 kwa awamu mbili, sehemu ikiwekwa akiba NSSF. Hiyo ni ruzuku. Uwezo Fund, mfuko wa wanawake, mfuko wa vijana na Hustler Fund ni mikopo.

Nimekataliwa. Naweza kuomba tena?

Kwa wengi, ndiyo, dirisha lijalo. Andika barua pepe fupi ya kuuliza alama zako au sababu. Wachache hujibu, lakini jibu moja lina thamani. Ukikataliwa kwa nyaraka, unajua la kufanya. Ukikataliwa kwa "soko halijathibitishwa", usirekebishe maneno: ongeza wateja, kisha badilisha namba kwenye andiko. Ombi lilelile likitumwa mara ya pili kwa watu walewale huwa linatambulika.